Vidudu Vilivyoacha Kutembea Mchana

Juzi nilinunua kitu bila kubishana bei, na wanaonijua pale sokoni Kisii bado wananiuliza kama ninaumwa. Kijana wa watu alikuwa amepanga vyombo vya mawe laini ya Tabaka juu ya gunia: viboko, tembo, visahani vya sabuni. Nilichukua bakuli, nikaligonga kwa ukucha, nikaanza kulitafutia kasoro, maana kitu kisicho na kasoro hakina bei ya kuteremka. Yeye naye, ili kunionyesha linavyong'aa, akalimwagia maji. Basi, nikaisha. Harufu ya jiwe lile likilowa ikanipanda puani, harufu ya mvua ya kwanza iliyochanganyika na unga mkavu, na ulimi wangu huu ulionilisha miaka yote ukalala kama mbwa aliyeshiba. Nikalipa alichotaja. Kijana mwenyewe alishtuka. Nadhani hadi leo anajilaumu kwa kutotaja zaidi.

Siwezi kumweleza yeye. Ninyi wenzangu, mliokunywa maji ya mto kwa viganja kabla ya mabomba, ninyi mtanielewa.

Kwetu kulikuwa upande wa Nyaramba, kwenye mteremko ambao mtu akidondosha kiazi mlangoni hukiokota kwa jirani. Chini kabisa, kati ya migomba yetu na ya watu wa ng'ambo, kilipita kijito chembamba chenye maji baridi ya kuuma meno. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Magokoro kama bibi wote wa Kisii wanavyoitwa, alikuwa na sheria moja kuhusu maji yale. Kabla ya kuzamisha mtungi, aliinama akayatazama mawe. Juu ya mawe hayo, penye utelezi wa kijani, vilitembea vidudu. Mnavijua: vidogo, rangi ya wimbi uliokaangwa, na mikia mitatu nyuma kama nywele za mzee. Vilikula utelezi ule mchana kweupe, bila haraka, kama ng'ombe wasio na mchungaji. Vikiwepo, tunateka. Visipokuwepo, tunapanda mlima na mitungi mitupu.

"Maji ambayo mdudu ameyakataa," alikuwa akisema, "mtu atayanywaje?"

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilipiga magoti mwambani na kuhesabu, kwanza nikifuata maji yanakotoka, halafu tena nikifuata yanakoelekea, kwa sababu nilikuwa nimegundua mapema kwamba kitu kinachotembea ama huhesabiwa mara mbili ama hakihesabiwi kabisa. Hesabu hizo zisipolingana, nilimpa Magokoro ile kubwa. Aliipenda ile kubwa.

Mwaka huo, mvua ndefu zikiwa zimekaribia, lori lilikuja kwenye daraja la chini, mbali na kwetu. Mzungu aliyekuja nalo watu walimwita Bwana Samaki, jina alilotoka nalo huko huko alikotoka, kwa maana sisi samaki hatukumwona. Tuliona madebe yaliyofungwa magunia yenye maji, na vibarua wawili waliokuwa wakichota ndani ya madebe kwa kikombe na kumimina tena humo humo, wanachota na kumimina, vile mama anavyompoozea mtoto chai. Mimi nikaamua hiyo ni chai ya Serikali. Walipoimwaga yote mtoni nilichukia hadi machozi yakanilenga. Madebe yote yale, na hakuna aliyeuliza kama kuna mtoto mwenye kiu. Wenzangu walipoondoka nilishuka nikaonja mto. Haukuwa na sukari hata kidogo.

Majira hayo hayo aliletwa Nyaboke. Alikuwa mke wa baba yangu mdogo, yule aliyefanya kazi mashamba ya chai Kericho na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi akinuka moshi na majani. Nyaboke alitoka Tabaka, kule mawe yanakochimbwa, na kwetu hilo lilikuwa kama kutoka nchi nyingine. Alicheka akiwa peke yake. Alitembea haraka kuliko inavyompasa mwali. Mbele za watu nilimwita mama mdogo. Tukiwa wawili migombani aliniruhusu nimwite jina lake, na mimi sikuwa nimewahi kupewa kitu kikubwa hivyo na mtu mzima bila kwanza kuombwa kitu.

Katika mzigo wake alileta bakuli la jiwe la kwao, jeupe lenye mshipa wa waridi, na bonge la jiwe hilo hilo, bichi, ambalo kisu cha jikoni kinaliparua kama jibini. Unga wake aliutumia kusugulia sufuria. Alisugua pale mtoni, akasuuza, na maji yakashuka meupe kama mtu amemwaga maziwa, hatua chache tu, kisha yakasafika. Sufuria za kwetu zikaanza kung'aa hata Magokoro akasema sasa anajiona mzee kila anapopika. Ile ndiyo harufu. Mikono ya Nyaboke ilikuwa nayo saa zote. Nilipoumwa homa alinishika paji la uso, na nililala nikiinusa.

Halafu mvua zikaja, mto ukajaa, mvua zikapungua, mto ukarudi mahali pake. Asubuhi moja nikapiga magoti mwambani kuhesabu, na mawe yalikuwa matupu.

Nilihesabu upya. Sifuri ukiihesabu mara ya pili haiongezeki. Nilimwambia Magokoro pengine ni baridi. Kesho yake tupu, na siku iliyofuata tupu. Utelezi wa kijani ukaota mrefu juu ya mawe kama shamba la mtu aliyehama. Ndipo Mama Kwamboka, jirani aliyeteka maji mahali petu, mwanamke mwenye macho makali na kazi chache, akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema kwamba yeye alishaona unga mweupe ukimwagwa mtoni. Hakutaja mtu. Hakuhitaji. Mwenye unga mweupe alikuwa mmoja tu.

Sijui kama watoto wa leo wanaelewa neno hilo lilivyokuwa zito. Mwanamke mgeni, dawa nyeupe, maji ya watu wote. Magokoro alikuwa amebatizwa na Wasabato, na Jumamosi hakuamini uchawi hata chembe. Siku nyingine sita alikuwa bado anafikiria. Hakumtuhumu Nyaboke kwa mdomo. Alifanya jambo baya zaidi: Nyaboke alipoleta mtungi wa maji, Magokoro alimshukuru, akangoja ageuke, akayamwaga kwenye shina la mgomba. Nyaboke aliyasikia yakimwagika. Nililiona bega lake likisimama kidogo, kisha likaendelea. Kisha akakatazwa kushuka mtoni kabisa. Baba akatamka kwamba mdogo wake akirudi mwisho wa mwezi watu wataketi, na kama hakuna maelezo, mwali atarudishwa Tabaka na ng'ombe wa mahari watarudi Nyaramba. Baba hakuwa mtu mkatili. Ng'ombe wale alikuwa amewafuga yeye mwenyewe, na kila mmoja alikuwa na jina.

Na Nyaboke hakuweza kujitetea. Kwetu mwali hajibizani mbele ya wakwe. Akifungua mdomo kukana kosa la kwanza, ameshafanya la pili.

Jioni moja nilikumbuka kwamba nimesahau kibuyu mtoni. Nikashuka mbio, jua limeshazama nyuma ya mlima na mwanga umebaki ule wa kijivu usio na kivuli. Nikainama kuokota kibuyu, nikaona jiwe linatembea. Nikasogeza uso. Halikuwa jiwe. Vilikuwa vidudu vyangu, vimejaa tele, mgongo kwa mgongo, vikila kwa pupa kama wageni wa harusi walioambiwa chakula kinakaribia kwisha. Vilikuwa hai. Vyote vilikuwa hai.

Furaha hiyo haikumaliza hata mteremko wa kwanza. Nikiwa nusu ya njia wazo lilinishika nikasimama. Ninyi mliozaliwa Kisii mnajua nani anayejificha mchana na kutoka giza likiingia. Tuliambiwa tangu tunanyonya. Omorogi, mchawi, ndiye hulala mchana na kutembea usiku. Basi vidudu vyetu vilikuwa vimefanywa wachawi. Na kama vilikuwa wachawi, lazima kuna aliyevifundisha, na nikimwambia mtu yeyote nilichokiona, nimemfungia Nyaboke mzigo mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Nilimwambia yeye peke yake, migombani. Nilimwomba aviachilie vidudu. Nilimwahidi sitasema.

Alinitazama, halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha peke yake, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mawe yawe matupu.

"Wewe ukimvunjia Magokoro chungu," akaniuliza, "unarudi nyumbani saa ngapi?"

"Giza likiingia."

"Kwa hiyo wewe ni mchawi?"

Nikasema mimi si mchawi, mimi naogopa fimbo.

"Haya," akasema. "Sasa tutafute fimbo."

Siku ya pili yake, wengine wakiwa shambani, alikiuka katazo na tukashuka pamoja hadi kwenye kidimbwi kilicho chini ya maporomoko madogo, pale maji yanaporuka kimo cha mtu mzima. Alilala kifudifudi ukingoni, nami nikalala kando yake, na tukatazama chini ya kingo ambako mizizi inaning'inia. Kwanza sikuona kitu. Kisha kivuli kikapinda. Kilikuwa na madoa ubavuni, meusi na mekundu, kizuri cha kutisha, kikisimama dhidi ya maji bila kusogea, mdomo ukifunguka na kufumba. Kidudu kimoja kiling'oka jiweni kikabebwa na maji. Kivuli kikageuka mara moja, na kidudu hakikuwepo.

Watu wa Tabaka wako karibu na Wajaluo, na samaki wanawajua. Sisi wa juu tulikuwa tunajua kambare wa hadithi tu. Nyaboke alisema huyu si samaki wa kwetu wala wa kwao, huyu ameletwa. Ndipo madebe ya chai yakaniruka kichwani. Nilimweleza yote: lori, magunia, kikombe, wanachota na kumimina. Akajishika mbavu. Alisema wale walikuwa wanawapa samaki pumzi, na mimi nilikuwa naonja mto kutafuta sukari. Tuliambiwa baadaye kwamba wale ni samaki wa Ulaya, waliowekwa mitoni ili Wazungu wa mashamba wapate mchezo wa kuvua. Walikuwa wamepandishwa na mvua kutoka darajani hadi kwetu, kimya, bila kumjulisha mtu.

"Na juu ya maporomoko?" Nyaboke akauliza. Hatukungoja jibu. Tulipanda tukishika mizizi, magoti yakichubuka, na kule juu, ambako samaki hawezi kuruka kufika, mawe yalijaa vidudu vinavyoota jua. Mto ni ule ule. Maji ni yale yale. Nilitaka kupiga kelele hadi watu wa Sironga wanisikie. Yeye akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya jiwe.

Alikuwa mwanamke wa kujaribu mambo kabla ya kuyasema. Kwa kikapu cha viazi alimnasa samaki mmoja mdogo pale kidimbwini, akamficha katika mtungi nyuma ya migomba, akijua wazi kwamba samaki wa Serikali hashikwi ovyo. Kisha aligeuza mawe ya chini, yale matupu, na chini yake vidudu vilikuwa vimejibana kama nguo sandukuni. Tukaweka vichache ndani ya bakuli lake jeupe, pamoja na kijiwe chenye utelezi na maji safi ya chemchemi. Tukakaa. Vilijibanza. Baada ya muda mrefu kimoja kikatoka, kikanusanusa, kikaanza kula. Kisha vyote vikatoka. Ndipo Nyaboke akachota maji ya mtungini, maji matupu, samaki hakumgusa, akayamimina polepole pembeni mwa bakuli.

Nitakufa nikikumbuka. Vidudu vilisimama. Halafu, kama vile mtu amepiga mluzi ambao sisi hatuusikii, vyote vikakimbilia chini ya kijiwe. Samaki hakuwemo. Harufu yake tu. Mimi, ambaye nilimjua chui kwa jina lakini nisingeweza kumtambua kwa harufu hata akinikalia, nilivionea wivu.

Tukapanga. Siku ya kikao, mbele ya wote, mimi nitafanya hivyo hivyo. Yeye asingeweza kusema, lakini mtoto huwa anasema, na watu humwacha kwa kuwa hana cheo cha kupoteza. Baba mdogo alirudi Ijumaa, akakaa Sabato nzima bila kumtazama mtu. Jumapili asubuhi mzigo wa Nyaboke ulikuwa tayari umefungwa na kuwekwa kando ya mlango, bonge lake la jiwe juu yake.

Alikuwa ameniagiza wazi: vidudu vya chini ya maporomoko, vitoe chini ya mawe. Nilishuka. Maji yalikuwa baridi, mawe mazito, na kila nilipogeuza moja vilichomoka pande zote kabla mkono haujafika. Nikatazama juu. Kule vilikuwa vinatembea juani, vimejipanga, kama bidhaa inayomtafuta mnunuzi. Mdudu ni mdudu, nikasema. Nikapanda nikajichotea bila jasho. Maisha yangu yote ya biashara sijawahi kununua rahisi kama siku ile, wala ghali kama siku ile.

Walikuwa wameketi uani: Magokoro kwenye kigoda chake, Baba, baba mdogo, na Mama Kwamboka aliyeitwa kama shahidi na aliyekuja amejipaka mafuta. Nyaboke alipiga magoti nyuma, macho chini. Niliweka bakuli katikati na kueleza kwa sauti kubwa kuliko kimo changu. Nikasema hakuna dawa mtoni. Nikasema kuna samaki, na vidudu vinamkimbia, na sasa mtaona vikikimbia harufu yake. Nikamimina maji ya mtungini.

Vidudu viliendelea kula.

Nikamimina zaidi. Kimoja kilipanda juu kabisa ya kijiwe na kusimama pale, kama anayetaka kuonekana vizuri. Nikatikisa bakuli. Vikashika utelezi, vikatulia, vikala.

"Shahidi wako ana njaa," Mama Kwamboka akasema, na baba mdogo, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutocheka, akatoa pumzi puani. Baba alisema tumwondoe mtoto sasa, watu wana kazi. Niliangalia nyuma. Nyaboke alikuwa amefunga macho. Ndipo machozi yalinitoka, mengi, ya aibu na hasira, na yakaanza kudondoka humo humo bakulini, na hata hayo vidudu havikuyakimbia.

Magokoro alinyanyuka. Aliinama juu ya bakuli hadi pua yake ikakaribia maji, lakini najua hakuona kitu ila weupe.

"Hesabu," akaniambia.

Nilihesabu kupitia machozi, nikarudia. Kwa mara ya kwanza hesabu zangu mbili zikalingana. Nikamwambia vyote vinatembea.

"Bakuli hili ni la nani?"

"La mama mdogo."

"La jiwe gani?"

Nikasema la kwao, la Tabaka. Magokoro akanyoosha mkono, na aliponyooshea hakukuwa na la kuuliza: lile bonge juu ya mzigo. Nikamletea. Akachukua kisu chake cha mboga na kuliparua juu ya bakuli, akaparua sana, kama mtu anayetia chumvi katika chakula cha adui. Maji yakawa maziwa. Tulingoja, mimi nikivuta kamasi, hadi unga ukatua chini na maji yakaonyesha tena. Na hapo juu ya kijiwe, migongo ikiwa myeupe kama wanawake waliotoka kusaga, vidudu vyangu vilikuwa vinatembea na kula.

"Mama Kwamboka," Magokoro akasema taratibu, "wewe una macho mazuri. Njoo uniokotee waliokufa."

Mama Kwamboka alikuja. Alitazama. Alitazama kwa muda ambao mtu anautumia kutafuta njia ya kutokea. Akasema labda unga ule si ule. Magokoro akamwambia basi aende Tabaka akalete mwingine, sisi tutamngoja. Mama Kwamboka akaketi.

Magokoro akamgeukia Nyaboke. "Mwanangu, nina kiu," akasema. "Na maji ya huyu mtoto yana machozi."

Nyaboke aliinuka, akachukua mtungi wa Magokoro mwenyewe, ule ambao hakuna mke aliyeruhusiwa kuugusa, akashuka mtoni. Sote tulisikiliza miguu yake ikishuka, na baadaye ikipanda, haraka kuliko inavyompasa mwali. Magokoro alikunywa kata nzima bila kupumua. Kisha akaijaza tena, akampa Baba, Baba akanywa, baba mdogo akanywa, na safari hii alimtazama mkewe. Ya mwisho alimpa Mama Kwamboka kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, na akamsimamia hadi akaimaliza.

Ng'ombe walibaki Tabaka. Baba alikuwa akiwataja kwa majina mara moja moja, basi.

Lakini mimi nilikuwa sijaridhika, kwa sababu nilikuwa nimeshinda kwa bidhaa mbovu, na sikujua ubovu wake uko wapi. Mchana ule ule, watu wakila, nilirudi mtoni. Safari hii niligeuza mawe ya chini, nikalowa hadi kifuani, nikapata vitatu. Nikaviweka bakulini na maji safi, nikangoja, nikamimina maji ya samaki. Havikungoja hata yaenee. Ndipo nikaelewa, nikaruka juu kama niliyekanyaga siafu. Vile vya juu havikukimbia kwa sababu havijui. Maporomoko yamevilea. Wazazi wao hawajawahi kumwona samaki, wala havijapoteza jirani. Havina habari kwamba duniani kuna kitu cha kukimbia. Hivi vya chini vilikuwa vimepata masomo. Nimewaona watu wa namna zote mbili stendi ya Kisii tangu siku hiyo: mmoja anashuka kwenye basi ameshika noti zake mkononi kama ua, mwenzake ameshazificha kabla basi halijasimama. Wametoka kilima kimoja.

Nilipanda mlima nikikimbia, bakuli kifuani. Magokoro alikuwa amekaa mlangoni peke yake akichambua chinsaga, ile mboga chungu. Nikammwagia yote kwa pumzi moja: vya juu ni wajinga, vya chini ni wajanja, samaki ndiye, nilikuwa sahihi, niite watu niwaonyeshe.

Aliniacha nimalize. Aliendelea kuchambua.

"Kesi imekwisha," akasema. "Ukileta shahidi mpya, watu watataka kuisikiliza upya. Unataka wafungue tena mzigo wa mama yako mdogo?"

Sikutaka. Ilinichukua muda kukubali kwamba ukweli unaweza kufika ukiwa umechelewa, na ukaombwa ukae nje. Nilisimama pale na bakuli langu, ukweli ukiniwasha mwili mzima, na hakuna wa kumpa.

Magokoro akanitazama kwa yale macho yake ya ukungu. Akauliza kama huyo samaki wa Serikali bado yuko mtungini nyuma ya migomba. Sikuwahi kumwambia mahali alipofichwa. Nikasema yuko.

Wasabato, kama mnavyojua, hawali samaki asiye na mapezi na magamba.

"Ana magamba?" akauliza.

Nikamwambia anayo, ila madogo madogo, lazima uparue ndipo uyaone.

Akageuka, akaangalia njia yote ya kuelekea kwa Mama Kwamboka, na ya kuelekea darajani.

"Basi mwambie mama yako mdogo atie chumvi."